Trekta iliyomaliza betri mbili: kisa cha Massey Ferguson 290 ya Nyanguge

Malalamiko yaliletwa hivi: trekta ya mama mmoja wa Nyanguge, wilaya ya Magu, inamaliza betri. Ni Massey Ferguson 290, injini ya Perkins silinda nne, ya zamani lakini imetunzwa. Ndani ya msimu mmoja mama alishanunua betri mbili mpya za N100, na bado kuna asubuhi selfu, ile mota ya kuwashia injini, inagonga "tik" mara moja na kunyamaza. Fundi wa kwanza alisema betri za siku hizi ni feki. Wa pili akasema alteneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, haichaji. Muuza betri akasema dereva anasahau kuzima taa. Dereva mwenyewe alishachoka kujitetea. Kila jioni alikuwa anaipandisha trekta kwenye tuta, asubuhi anaiachia iteremke na kuikamatisha kwa gia.

Ulikuwa mwezi wa Novemba. Watu wa majaruba upande ule wa Ghuba ya Speke wanajua maana yake. Mvua za kwanza zikishagusa mbuga, ule udongo mweusi unalimika kwa siku chache tu kabla haujawa tope la kunasa matairi. Mwenye trekta isiyowaka Jumatatu asubuhi anapoteza wateja ambao hawatarudi msimu huo, kwa sababu jirani naye ana trekta.

Jambo moja liwekwe wazi kwanza, kwa sababu ndilo linalofanya tatizo la namna hii likae miezi bila kushughulikiwa. Injini ya dizeli ya aina hii haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka. Pampu ya dizeli inaendeshwa na gia za injini yenyewe, na kuzima ni kwa kuvuta kebo. Kwa hiyo ikishawaka italima kutwa nzima hata kama mfumo wote wa umeme umeoza. Dereva anashukuru, anaingia shambani, na jioni hakuna anayekumbuka kwamba asubuhi ilikuwa vita.

Kabla sijafungua boksi la vifaa nilimuuliza dereva maswali. Nayaweka hapa kama yalivyokuwa, maana majibu yake ndiyo yaliyofanya nusu ya kazi.

"Mdogo wangu, ukiizima jioni, kesho yake asubuhi inakuwaje?"

"Inawaka fundi, ila selfu inavuta kivivu."

"Na mkipumzika Jumapili?"

"Jumatatu haiwaki. Hata taa kubwa ukiwasha zinakuwa nyekundu."

Hapo tayari kuna hesabu. Betri ya N100 ina ujazo wa ampia-saa 100, yaani ikijaa inaweza kutoa ampia 1 kwa saa 100. Kuzungusha injini ya dizeli ya silinda nne ni kazi nzito, na betri ikishuka chini ya nusu, selfu inaanza kushindwa. Tuchukue basi kwamba trekta hii inagoma betri ikishapoteza ampia-saa 50. Usiku mmoja, toka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, ni saa 12, na inawaka. Toka Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 36, na haiwaki. Gawanya 50 kwa 12 unapata kama ampia 4.2. Gawanya 50 kwa 36 unapata kama 1.4. Kinachoiba umeme kinavuta kitu kati ya namba hizo mbili. Kingezidi 4.2, hata asubuhi ya kawaida isingewaka. Kingepungua 1.4, Jumatatu ingewaka.

Hesabu hii si ya kupata jibu kamili. Faida yake ni kuwaondoa watuhumiwa kabla hujagusa waya. Uchafu na unyevu wa asidi juu ya betri hupitisha umeme toka kichwa kimoja hadi kingine, lakini kwa kawaida ni miliampia tu, na hauwezi kuimaliza N100 kwa siku moja na nusu. Redio ya dereva ikiwa imezimwa haifiki ampia 1. Upande wa pili, hita ya kuwashia injini wakati wa baridi, ile inayowashwa na swichi ya funguo, huvuta zaidi ya ampia 10. Swichi iliyochakaa ikiiacha imewaka, nusu ya betri inaondoka kwa muda usiofika saa tano, na trekta isingewaka hata asubuhi moja. Wakabaki wawili: taa ndogo za pembeni na nyuma, ambazo zikiwaka zote hufika ampia 1.5 au 2, na alteneta yenyewe.

Kuhusu taa dereva aliapa kwamba hazibaki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo mafundi wawili waliotangulia hawakuwahi kumuuliza:

"Ila kuna kataa kale kekundu ka chaji. Kanabaki kanawaka kwa mbali hata nikishatoa funguo. Mchana hukaoni. Usiku ndiyo unakaona."

Taa ya chaji hukaa kati ya swichi ya funguo na alteneta. Ukiwasha swichi kabla ya injini, umeme unatoka betri, unapita kwenye taa, unaingia kwenye rota ya alteneta, yaani koili ya ndani inayozunguka na kuwa sumaku, na taa inawaka. Injini ikizunguka, alteneta inatoa umeme wake, pande zote mbili za taa zinakuwa na nguvu sawa, taa inazimika. Ukitoa funguo, pande zote mbili zinatakiwa ziwe tupu. Ikibaki inamulika kwa mbali, maana yake kuna umeme unaotokea upande wa alteneta, unaipita taa kinyumenyume na kutafuta njia ya kwenda kwenye bodi, yaani chuma cha trekta kilichofungwa kwenye hasi ya betri, kupitia geji na vitu vingine vilivyofungwa kwenye swichi. Alteneta haizunguki, kwa hiyo umeme huo hauna pengine pa kutoka isipokuwa betri, ukiwa umerudi kupitia mlango ambao ulipaswa kufungwa. Milango hiyo ni daiodi, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Hata hivyo nilipima. Kisa kinachoonekana kimeshaeleweka kwa maneno kinaweza kuwa na kitu cha pili nyuma yake, na hiki kilikuwa nacho.

Nilianza na betri, kwa sababu kupima uvujaji ukiwa na betri usiyoijua ni kupoteza muda. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemwomba mama azipeleke zote mbili zikachajiwe polepole, kwa kama ampia 10, usiku kucha. Tukaziacha zitulie saa kadhaa, kisha nikaingiza haidromita, kipimo cha uzito wa asidi kinachoonyesha chaji, chumba kwa chumba. Betri ya pili, iliyokuwa kwenye trekta, ilionyesha 1.260 na kidogo juu katika vyumba vyote sita, na volti 12.6. Ni nzima. Betri ya kwanza ilikuwa na vyumba vitano vizuri na kimoja kimekwama kwenye 1.120 hata baada ya chaji ya usiku mzima. Chumba hicho kimekufa. Kwa hiyo fundi wa kwanza aliyesema betri mbovu alikuwa anasema kweli kuhusu betri moja, lakini ilikuwa imekufa kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Betri inayoachwa tupu mara kwa mara, sahani zake zinaganda salfeti, na hakuna chaja itakayoirudisha.

Halafu mita. Unafungua waya wa hasi kwenye betri, unaweka mita katikati, kati ya kichwa cha betri na ule waya, ikiwa kwenye tundu la ampia 10. Wakati mita iko hapo usiguse selfu hata kidogo, maana selfu huvuta mamia ya ampia na utaunguza fyuzi ya mita papo hapo. Funguo imetolewa, taa zote zimezimwa. Mita ikasoma 2.71.

Ilikuwa ndani ya hesabu yetu ya 1.4 hadi 4.2. Nilimwonyesha dereva namba ile na mama akasogea kuitazama. Kwa mara ya kwanza msimu ule kulikuwa na kitu cha kuonyeshwa kwa kidole, na dereva akawa amesafishwa mbele ya mwajiri wake. Hilo nalo ni sehemu ya kazi. Kijana alikuwa amelaumiwa wiki nyingi kwa taa asizoziacha.

Kawaida ungechomoa fyuzi moja moja ukiangalia namba ikishuka. Hapa hapakuwa na fyuzi za kuchomoa. Zilizokuwepo zilishaungua zamani na mtu akafunga nyuzi za shaba mahali pake. Naomba sana, kwa yeyote anayefanya hivi: uzi wa shaba hauungui, kinachoungua ni trekta. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya alteneta. Kabla ya kuchomoa plagi yake niliigusa ganda kwa kiganja. Injini ilikuwa imepoa tangu jana yake lakini alteneta ilikuwa na uvuguvugu. Nikasogeza ncha ya bisibisi kwenye nati ya puli, ikavutwa. Rota ilikuwa sumaku, ingawa hakuna kilichokuwa kinazunguka. Asiye na mita anaweza kufanya majaribio haya mawili akiwa shambani, kiganja na bisibisi, na yatamwambia kama alteneta inakula betri usiku.

Nikachomoa plagi. Namba ikashuka toka 2.71 hadi 0.11.

Wengi wangefungasha hapo. Lakini 0.11 kwenye trekta isiyo na saa wala kompyuta ni nyingi. Trekta ya namna hii inatakiwa isome sifuri au karibu yake. Ampia 0.11 kwa siku ni kama ampia-saa 2.6. Kwenye wiki ya kulima huioni. Kwenye trekta iliyopaki, nusu ya betri inaondoka kwa siku 19, na yote kabla ya wiki sita. Nilifuata nyaya za juu ya betri nikakuta mbili, nyekundu na ya njano, zinapanda hadi kwenye redio ya flashi iliyofungwa chini ya dashibodi. Aliyeifunga aliziunganisha zote mbili moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Ya njano ni ya kutunza kumbukumbu na ina haki ya kuwa pale. Nyekundu ilitakiwa ipite kwenye swichi ya funguo. Bila hivyo redio hailali, hata ukibonyeza kitufe cha kuzima. Nikazitoa, mita ikasoma 0.00.

Hapo ndipo historia yote ilipojipanga, na mama alitusaidia kuikumbuka. Redio ilifungwa wakati wa kubeba mpunga kwa tela. Mavuno yalipoisha, trekta ikapaki chini ya mwembe hadi msimu wa kulima ulipoanza. Betri iliyokuwemo wakati huo, ya zamani, ikamalizwa na redio polepole na kukaa tupu kwa miezi. Siku ya kwanza ya kulima haikuwaka. Wakaazima betri moja ya Fuso la jirani, wakaifunga, trekta ikawaka. Kisha, injini ikiwa inanguruma, wakafungua vichwa, wakaitoa betri ya Fuso na kurudisha ile mfu, kwa sababu mwenye Fuso alikuwa anasubiri aondoke.

"Kataa kalianza lini kubaki kanawaka?" nikamuuliza dereva.

Akafikiri. "Baada ya siku ile ya Fuso."

Alteneta ikiwa inachaji betri tupu, inasukuma umeme mwingi. Betri ndiyo inayoumeza umeme huo na kuzuia volti zisipande. Ukiichomoa ghafla, sumaku ya rota haiwezi kupungua papo hapo, umeme hauna pa kwenda, na volti zinaruka juu kwa muda mfupi mno, zikizidi mara kadhaa zile 14 za kawaida. Daiodi haivumilii hilo. Ikifa kwa namna hii mara nyingi haikatiki, inakuwa kipande cha waya kinachopitisha pande zote mbili.

Na baadaye, betri mpya ya kwanza ilipoanza kusumbua, yule fundi wa pili alikuja akafanya jaribio linalojulikana sana gereji nyingi: aliwasha injini akachomoa kichwa cha betri aone kama itazima. Kwenye dizeli jaribio hilo halina maana yoyote. Injini haitegemei umeme, kwa hiyo haizimi, iwe alteneta ni nzima au mbovu. Kinachobaki ni madhara yaleyale ya siku ya Fuso, yakirudiwa kwa makusudi. Nawaomba mafundi wenzangu tuliache kabisa. Mita ya bei ndogo kuliko betri yoyote ya trekta inajibu swali hilo bila kufungua hata nati moja.

Kwa mfano, kabla ya kuitoa alteneta hii nilirudisha nyaya na kuwasha injini. Kwenye vichwa vya betri nilipata volti 13.1, wakati alteneta nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.4. Nikageuza mita kwenye volti za mkondo geu, yaani umeme unaogeuka pande ambao daiodi zinatakiwa kuunyoosha, nikapata 0.9. Ikipita nusu volti pale, daiodi ni za kutilia shaka. Kwa hiyo aliyesema alteneta haichaji alikuwa karibu na ukweli: ilikuwa inachaji kwa udhaifu, ikitosha kurudisha ya usiku mmoja kwa kulima kutwa, haitoshi kufidia Jumapili.

Ndani tulikuta ni Lucas 17ACR, ya ampia 36, yenye daiodi tisa katika kifungu kimoja: sita kubwa na tatu ndogo za kulisha rota. Mita ikiwa kwenye alama ya daiodi, nzima husoma 0.5 au 0.6 upande mmoja na kukataa upande mwingine. Moja kati ya tatu kubwa za upande wa chanya ilisoma sifuri pande zote. Njia ya wizi ilikuwa hii: toka chanya ya betri, kupitia daiodi iliyokufa, kuingia nyaya za steta (koili za nje zisizozunguka), kupitia daiodi ndogo, kwenye rota, kupitia regyuleta (kidhibiti cha volti) hadi bodi. Regyuleta inaona volti 12 na kidogo, inadhani injini inazunguka polepole na betri ina njaa, inaipa rota umeme wote. Rota nilipoipima ukinzani wake ulikuwa omu 4.1. Toa kama volti 1.7 zinazopotea kwenye daiodi ndogo na regyuleta, zinabaki kama 10.8. Gawanya kwa 4.1, unapata 2.6. Ongeza 0.11 ya redio na unarudi kwenye 2.71 ya asubuhi. Hesabu ikifunga hivi, huna haja ya kujiuliza kama kuna mwizi mwingine amejificha.

Kifungu cha daiodi kilipatikana mjini Mwanza. Kazi yenyewe ni ya solda, na uangalifu unaotakiwa ni wa joto: shika mguu wa daiodi kwa koleo jembamba wakati wa kuunganisha nyaya za steta, koleo libebe joto, vinginevyo unaua mpya kabla haijafanya kazi. Baada ya kufunga: volti 14.2, mkondo geu 0.03, taa ya chaji giza kabisa funguo ikitolewa. Redio nikaihamishia waya mwekundu kwenye swichi na kuiwekea fyuzi ya ampia 5, na nyuzi zote za shaba zikatolewa zikawekwa fyuzi halisi.

Mama aliniuliza kwa nini nataka pia kufunga swichi ya kukatia betri kwenye waya wa hasi. "Mwanangu, si umeshatengeneza?" Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya miezi ya mwembe. Trekta ikipaki muda mrefu, kata, betri inabaki na umeme wake, na panya akitafuna waya hakuna moto. Sharti ni moja na nililirudia mbele ya dereva: isikatwe kamwe injini ikiwa inanguruma, kwa sababu hiyo ni siku ya Fuso nyingine. Ikipelekwa kuchomelewa, ikatwe kwanza, injini ikiwa imezima. Na siku betri ikilala, watumie kebo mbili toka betri nyingine, wakizingatia chanya kwa chanya na hasi kwa bodi, au waiteremshe kwenye tuta betri yake ikiwa imefungwa palepale, hata kama ni tupu.

Ilizimwa Jumamosi jioni kwenye uwanja tambarare, kwa ombi langu. Jumatatu dereva alipiga simu saa 12 na dakika chache, injini ikisikika nyuma yake. Betri yenye chumba kilichokufa mama ameiuza kwa wanunuzi wa chakavu. Kilichobaki ni brashi za alteneta, zile zinazopeleka umeme kwenye rota: zilizokuwemo zimekuwa fupi, na siku ile sikupata za saizi yake. Zitafanya kazi msimu huu, lakini nimemwandikia dereva namba ya alteneta kwenye karatasi azitafute na kuzibadilisha kabla ya kubeba mpunga.